Landrova ya Kwenda Ushirombo

Presha ya macho ilipomfanya baba kipofu, landrova yake ilibaki nyuma ya nyumba yetu Ngokolo, na kuku wakaanza kutagia chini ya kiti cha dereva. Mama hakuwafukuza. Hakuwahi kuipenda ile gari.

Mimi nilikuwa fundi wa malori mgodini, Buzwagi. Kazi ilipoisha nikarudi nyumbani na sanduku langu la spana, nisijue nianzie wapi. Jioni moja baba akaniambia, "Dada yake mama yako, yule wa Ushirombo, miguu imemwishia. Hawezi tena kuja huku. Nataka tumpeleke mama yako akamwone, kwa gari yetu."

"Baba, mabasi yapo."

"Najua yapo."

Basi tukaishusha injini. Silinda zilikuwa zimelika vibaya, nikaipeleka bloku Mwanza ikachongwe, nikarudi na pistoni na ringi mpya za kuifaa. Kutoelewana kulianzia kwenye hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Nilitaka niipunguze kimo ili mgandamizo uongezeke, kisha nifunge kabureta kubwa. Mgodini nilikuwa nimezoea nguvu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda akiosha valvu kwenye beseni la mafuta ya taa, moja moja, kwa vidole. "Unataka ishindane na nani?" akauliza.

"Si kushindana. Nataka iwe na nguvu."

"Ukiizidishia, itachemka. Mimi nimechoka kuchemsha." Akaipangusa valvu kwa pindo la shati. "Siku namleta mama yako kutoka kwao ilichemka, tukasimama njiani hadi maua yake ya harusi yakanyauka. Hakusema neno. Tangu siku hiyo kila safari anapakata dumu la maji, rejeta ikikauka anipe. Nilimwahidi nitaitengeneza. Maisha yangu yote nimeifunga waya tu, ifike."

Hedi nikaiacha na kimo chake, nikaisawazisha tu ili gasketi ikae vizuri. Kabureta ile ile ya zamani nikaifungua na kuisafisha. Nikazibua rejeta, nikabadilisha pampu ya maji na mipira yote. Siku ya kuiwasha, baba aliweka viganja vyote viwili juu ya boneti na kusikiliza. "Inakohoa kidogo," akasema. Nikasogeza taimingi ya cheche kidogo, na baba akatabasamu kabla mimi sijasikia tofauti yoyote.

Wiki zilizofuata tuliilainisha injini polepole kwa safari fupi, kwenda Tinde na kurudi, nikamwaga oili na kuweka nyingine. Ndipo tukaondoka.

Mama alitoka na gauni lake la kanisani na dumu la maji.

"Mama, safari hii liache."

"Wewe endesha," akasema, akakaa nyuma, dumu mapajani.

Tulipita Isaka, tukapita Kahama. Mshale wa joto ulikaa katikati, hautikisiki. Malori yalitupita na sikuyafuata. Baba, aliyekaa mbele pamoja nami, alianza kuhangaika.

"Mbona mama yako kimya? Amekasirika?"

Nikatazama kwenye kioo. Kichwa cha mama kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, mikono imeliachia dumu likateleza hadi miguuni.

"Amelala, baba."

"Amelala?"

"Usingizi kabisa."

Baba akageuza uso nyuma, kana kwamba angeweza kumwona. Alikaa hivyo muda mrefu, akitafuta pumzi za mkewe chini ya sauti ya injini. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili asimwamshe, "Hapo kwenye matuta, pita taratibu."

Ushirombo tulimkuta mama mkubwa amewekewa kiti mlangoni. Dada wawili walikumbatiana wakaongea Kisumbwa kwa kasi ambayo sikuiweza. Baadaye mama akaja akakaa karibu na baba kwenye mkeka, akamwekea kikombe cha uji mkononi na kumkunja vidole vikishike.

"Mzee," akasema, "nililala."

"Nilikusikia," baba akajibu.