Anapokelewa na Nani

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Nyeri, mwanangu, nilipojiona mtu mkubwa kwa sababu tu nilikuwa na kalamu na mwandiko mzuri. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, karani wa hospitali, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia ruhusa wagonjwa waliopona. Gauni langu la kazi nililipiga pasi mara mbili. Ukinisalimu wakati naandika, sikuitika. Cheka tu, mimi mwenyewe huwa nacheka, ingawa si kwa raha yote.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ikipambana na wapiganaji wa msituni. Serikali ya wakoloni ilikuwa imebomoa nyumba za watu wetu vilimani na kuwakusanya katika vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki. Ukitaka kutoka, lazima uwe na pasi, karatasi ya ruhusa. Ukichelewa kurudi, utajieleza kwa homugadi, mlinzi wa kijiji mwenye bunduki. Nami nililala katika kijiji kama hicho pamoja na mama yangu, kwa hiyo usije ukasema sikujua.

Siku hiyo aliyeruhusiwa alikuwa mama mmoja aitwaye Wangeci. Alikuwa amezika mtoto mchanga, na kabla ya machozi kukauka mumewe akapelekwa kizuizini. Akili yake ikachoka. Alikaa wodi ya nyuma miezi mingi, hali, halali, anaimba peke yake, mpaka polepole akarudi. Alianza kula, akaanza kusuka kiondo, na daktari akasema amepona. Nikachukua kadi yake, nikasoma walipoandika nyumbani kwake siku alipoletwa: kilima fulani upande wa Tetu. Nikanakili neno kwa neno kwenye pasi.

"Sasa naenda nyumbani gani?" akaniuliza.

"Si huko kwenu," nikamjibu bila kuinua macho. Nilikuwa nakausha wino.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Nilimwona akitoka langoni na kiondo chake, nami nikafunga kitabu nikiona nimefanya kazi safi.

Hospitalini kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyefua shuka, Bi Zuhura wa Majengo. Hakujua kusoma, lakini kila mgonjwa alimjua kwa jina na kwa shuka lake. Mnamo saa nne alikuja dirishani kwangu, mikono imejaa povu.

"Binti, Wangeci umemwandikia aende wapi?"

"Kwao, Mama. Karatasi yake iko sawa kabisa." Nikamwonyesha, utadhani angeisoma.

"Kwao ni kile kilima? Si nyumba za huko zilibomolewa kabla ya mvua?"

Nilijua. Kilima hicho kilikuwa kimepigwa marufuku, na mtu aliyeonekana huko alipigwa risasi kwanza, maswali baadaye. Mama mkwe wa Wangeci na binti mdogo wa Wangeci, Wanjiru, walikuwa wamehamishiwa kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Hakuna aliyemwambia. Na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Bi Zuhura hakupaza sauti. Ningefurahi kama angenipigia kelele.

"Mimi nikimaliza kufua shuka," akasema, "silitupi njiani nikasema limekuwa jeupe. Naanika, nakunja, natia mkononi mwa mwenye kulitumia. Wewe umemwachilia mtu hivi hivi, ukafunga kitabu? Haya, vaa viatu."

Daktari, Mzungu mzee mwenye kikohozi, alituandikia kibali palepale. Tukashika njia, mimi nikikimbia kidogo, Bi Zuhura akitembea tu lakini haachwi nyuma. Kwenye kizuizi cha barabara ya Tetu tulimkuta polisi kijana, mtu wa magharibi mwa nchi, anatazama kilimani. Kulikuwa na moshi.

"Mama, huko hapana kwenda," akasema. "Hiyo moshi hata bwana mkubwa ameiona. Nangoja gari ya askari hapa, halafu wanapanda."

"Baba, hilo shati ulilovaa nimelifua mimi juzi," Bi Zuhura akamwambia. "Kola nilikusugulia mara tatu. Huyo aliye juu ni mgonjwa wetu, huenda amekatiza mashambani, tumempoteza sisi. Nipe nafasi nimteremshe."

Kijana akatazama barabara, akatazama shati lake.

"Gari ikifika, mimi sitasema nimewaona. Mwende haraka."

Tulimkuta Wangeci anafagia. Nyumba haikuwepo, mwanangu. Palikuwa na majivu, nyasi zilizoanza kuota, na mafiga matatu mahali palipokuwa jikoni. Alikuwa amewasha moto katikati ya mafiga na sasa anafagia ua kwa tawi la majani, taratibu, vizuri kabisa.

"Karibuni," akasema. "Chai bado. Wanjiru ameenda mtoni."

Kisha akanitambua, na uso wake ukabadilika.

"Ni wewe uliniambia nikuje nyumbani. Si hii ndio nyumbani?"

Nilipiga magoti kwenye majivu nikalia. Gauni lililopigwa pasi mara mbili likawa jeusi, na sikujali. Nikamshika mkono nimvute, tuondoke kabla gari halijafika, naye akang'ang'ania figa kwa mkono mwingine.

"Siwezi kuacha moto," akasema. "Moto ya nyumba haikubebwa. Walitutoa, ikabaki."

Hapo nikaelewa. Kwetu Ugikuyuni, mtu akihama, hubeba moto wa jiko la zamani akawashe jiko jipya. Siku ya kubomolewa watu waliswagwa kama mbuzi, nani angekumbuka kaa la moto? Mimi nilidhani ni wazimu unarudi, kumbe yeye peke yake ndiye aliyekuwa anahama kwa utaratibu.

Bi Zuhura, ambaye si wa kabila letu wala mila hiyo si yake, hakubishana naye. Aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akatia majivu, akachagua kaa jekundu, akampa Wangeci mikononi. Kisha akamwaga udongo juu ya moto uliobaki mpaka moshi ukafa. Tukateremka upande wa mto, Wangeci mbele akipuliza kaa lake. Tulisikia gari likipanda upande wa pili. Nyuma hatukugeuka.

Pale kijijini homugadi wa langoni alikisoma kibali mara nne, halafu akamwita mama mkwe. Bibi yule alitazama kigae, akaziba mdomo kwa mkono. Akamwongoza ndani, akamwonyesha mafiga, na Wangeci akainama akawasha. Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni, hamjui mama yake vizuri. Moto uliposhika, akasogea akaketi karibu naye.

Kuanzia wiki ile nilikuwa naenda kila Jumamosi. Namuuliza amelala vipi, anakula nini, anaimba peke yake au na mtoto. Akianza kukonda, namwambia daktari. Bi Zuhura naye akaingia ofisini kwa daktari, povu na yote, akadai pawe na amri. Yule mzee akakubali. Nikachora mstari mpya katika kitabu changu, na juu yake nikaandika: Anapokelewa na nani. Bila jina hapo, mtu hatoki. Hakuna maneno niliyowahi kuandika yakanipa heshima kama hayo.

Laiti ningeishia hapo.

Yule daktari alimaliza muda wake akaenda kwao. Aliyekuja baada yake hakuwa mtu mbaya, ila alisema kazi ya hospitali mwisho ni langoni, na mstari wangu unapoteza nafasi. Hapakuwa na sheria ya kumwambia hapana. Mimi nikaolewa Murang'a. Nilidhani wema unaweza kubaki nyuma ukafanya kazi peke yake.

Wangeci aliugua tena mwaka ule vijiji vilipokuwa vinavunjwa na watu kurudishwa mashambani. Akatibiwa, akapona, na karani mpya akanakili kutoka kadi ya zamani: kijiji ng'ambo ya mto. Kijiji kilikuwa kimeshahamwa, mama mkwe na Wanjiru wamerudi kilimani. Safari hiyo hakuna aliyekuja dirishani kuuliza, maana Bi Zuhura alikuwa ameacha kazi, miguu imechoka. Walimkuta baada ya siku mbili za mvua, amelala pale palipokuwa jiko lao, kigae mkononi. Hakuamka.

Bi Zuhura alisafiri mpaka Murang'a aniambie mwenyewe. Tulikaa kitandani mwangu kama wafiwa. "Tulifanya hisani," akasema, "hatukuacha sheria. Mwenye hisani akiondoka, huondoka nayo."

Ndiyo sababu unaniona na uzee huu nikikokota fimbo kwenda ofisi za waheshimiwa, pamoja na akina mama ambao watoto wao wametoka hospitali za akili na karatasi tu. Tunataka iandikwe katika sheria ya nchi: mgonjwa wa akili asitoke bila jina la wa kumpokea, bila mtu wa afya aliyepewa kazi ya kumfuata mpaka nyumbani, na bila siku ya kurudi kumwona. Mheshimiwa mmoja aliniambia kwa upole, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Cucu, wahudumu wetu wana huruma." Nikamwambia najua, mjukuu wangu, hata mimi nilikuwa nayo, nikaenda nayo Murang'a. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu umeshamwangukia Wangeci.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukipewa kalamu, inua macho umtazame unayemwandikia. Ukiulizwa swali na mtu aliyetoka kuugua akili, lijibu, kwa maana huenda yeye ndiye anayeona sawa na wewe ndiye uliyechanganyikiwa. Mtu hajapona mpaka afike. Na jambo jema ukilianza, usiliache katika moyo wako tu, maana moyo huhama, huolewa, huzeeka. Liandike mahali ambapo hata mvivu atalazimika kulitii.

Wanjiru sasa ni bibi kama mimi, na jina la kwanza katika orodha yetu ya sahihi ni lake. La pili ni langu, kwa mwandiko uleule, ingawa mkono umezeeka. La tatu liko wazi, na kalamu ni hii.

Mungu akuepushe na maradhi ya mwili na ya akili. Na kama yakikupata, akupe wa kukutibu, na siku ya kutoka pawe na mtu anayejua mlango wako, amekaa anakungoja, na chai iko motoni.