Walimcheka mgombea wetu wa urais wa shule kwa kukosa umati, jioni wakamwita Rais

Wakuu, shikamooni wote mnaostahili, na wale wa kwetu Usukumani, mwangaluka.

Humu huwa nasoma tu. Naona aibu hata kubonyeza like. Mambo yangu naandikaga kwenye daftari basi. Ila hili limenishinda kukaa nalo, na simu ya dada ninayo mpaka arudi kanisani. Sitaongeza chumvi. Mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyasikia nikiwa nimeyapa mgongo, mtanielewa huko mbele.

Naona kila uzi siku hizi ni nani anachukua urais. Mimi umri wa kupiga kura sijafikisha, kwa hiyo nawaletea urais wa kwetu: Rais wa wanafunzi, shule moja ya kata kati ya Tinde na Didia.

Msicheke. Kwetu Rais ndiye anayekaa kikao na walimu, na ndiye anayepanga viranja, akiwemo kiranja wa geti.

Na geti ndiyo habari yenyewe.

Sisi tunaotoka mbali tukichelewa kidogo tunakuta limefungwa. Unakaa nje juani, ukifunguliwa unapewa fyekeo ukafyeke nyasi. Hisabati kwetu ni kipindi cha kwanza. Mwaka huu wote nimeisikilizia nje ya ukuta. Mwalimu akiniuliza mbona sielewi, naangalia viatu vyangu. Mwakani niko form four. Mnaona nilivyokuwa kwenye hatari.

Sasa wagombea.

Wa kwanza Masunga. Baba yake ana duara huko Geita, yaani shimo la dhahabu, na safari hii limetema. Kwa hiyo spika ipo, pipi zipo, tabasamu lipo. Sera yake kuu: disko siku ya mahafali.

Wa pili Deo, bingwa wa debate. Akishusha Kiingereza hata mwalimu wa Kiingereza anakaa vizuri kwenye kiti. Shida ni kwamba akimaliza hakuna anayejua ameahidi nini. Huyu nilisema tangu siku ya kwanza, hatoboi.

Wa tatu ni wa kwetu, Kabula. Tunatembea njia moja kila asubuhi. Sera yake moja tu: anayetoka mbali akichelewa aingie darasani kwanza, adhabu aifanye wakati wa mapumziko. Sauti yake ni ya mchunga ng'ombe, kwa sababu nyumbani anachunga ng'ombe kweli.

Mimi nilikuwa meneja wa kampeni. Yaani hotuba na wimbo wa kampeni naandika mimi, anasema yeye. Hiyo kazi ilinifaa sana.

Darasani nikatamka, kwa sauti ndogo, kwamba Kabula anashinda. Walicheka mpaka wengine wakapiga meza.

Madam wa uraia akaamua kampeni ya mwisho iwe kama mashindano ya ngoma. Kwa wageni humu: ngoma za Kisukuma makundi yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake wa uwanja, na watazamaji wanakimbilia wanapopapenda. Umati ndio jaji. Kwa hiyo kila mgombea akapewa kona yake, na mwisho wa kampeni mnaingia madarasani moja kwa moja kupiga kura.

Mjomba wangu ni manju, ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo kwenye kundi lao. Nilimuuliza tufanyeje. Akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, usimwogope anayejaza mapema. Wewe angalia jua likishuka nani bado ana watu." Nikaliandika.

Siku ikafika.

Masunga alikuwa ameleta wacheza ngoma. Madam aliruhusu ngoma, ila hakuambiwa kwamba ngoma yenyewe ina nyoka. Chatu mzima, wakuu! Anavishwa shingoni, anainuliwa juu, spika inanguruma. Shule nzima ikahamia kona ile. Hata kiranja wa geti aliacha geti.

Kona ya Deo walibaki marafiki zake wa debate. Kona yetu nilikuwa mimi, Kabula, na wasichana wachache wa njia yetu, nao shingo zilikuwa zinavutwa upande wa nyoka.

Halafu Kabula akafungua mdomo kuanza, ikatoka hewa.

Jana yake alikuwa amepita darasa kwa darasa akipiga kelele kwenye upepo na vumbi. Sauti yote imekwisha.

Vijana wa Masunga wakapita karibu yetu.

"Meneja, tuwaazime watu?"

"Kabula njoo umwone nyoka, leo hata bubu anakaribishwa!"

Machozi yalinijaa. Nikaiona hisabati ikienda, na mwakani mwaka mzima niko nje ya ukuta.

Kabula akanivuta sikio, akanong'ona, "Imba wewe. Wimbo si umeutunga wewe?"

"Siwezi. Wataniangalia."

"Basi wape mgongo."

Nikageuka kweli. Nikaangalia goli lisilo na wavu na mbuzi wa jirani wanaokula nyuma yake. Nikawaimbia mbuzi. Niliimba Kisukuma, ya nyoka nikaiongeza palepale, kwa Kiswahili ni kama hivi:

Nyoka kaja kutuombea kura,
kesho atarudi kwake, geti atamwachia nani?
Wewe wa karibu umelala umeshiba,
mimi wa mbali nimeoga umande, nipitie wapi?

Mwanzo waliitikia wale wasichana tu. Huku nyuma ngoma ya Masunga ikapungua, nyoka amechoka na joto, mwenyewe anamrudisha kwenye sanduku. Masunga akashika maiki aanze kunadi disko lake. Hapo ndipo nikasikia miguu.

"Nani huyo anaimba?"

"Mbona katupa kisogo?"

"Zunguka mbele tumwone!"

Wakazunguka. Nikageuka upande mwingine. Wakazunguka tena, wanacheka, wanaitikia. Nikageuka tena. Kila nikigeuka watu wameongezeka, mpaka nikakosa pa kugeukia. Duara limefunga, mimi na Kabula tuko katikati. Nikafunga macho nikamaliza wimbo.

Kabula akaanza kunong'ona. Walio mbele wakainama. Walio nyuma, "Anasemaje?" Wa mbele wakawageukia, "Anasema uingie darasani kwanza, utafyeka mapumziko." Na hao wakawageukia wa nyuma yao. Kila alichosema kilipita mdomo kwa mdomo mpaka pembeni, kama kundi linavyomwitikia manju. Hotuba ya Kabula waliitoa wapiga kura wenyewe!

Masunga akaongeza sauti ya spika. Basi watu wakazidi kusogea kwetu ili wasikie. Wakuu, sijawahi kupenda kelele za mtu kama siku ile.

Jua linashuka, nikafumbua jicho moja. Kona ya Masunga wamebaki wacheza ngoma na sanduku lao. Deo mwenyewe alikuwa kwenye duara letu, ameweka mkono sikioni.

Kura zikapigwa, Madam akahesabu ubaoni mbele yetu. Mistari ya Kabula ilifika mwisho wa ubao ikabidi Madam ashuke chini aendelee. Wasichana wa njia yetu walipiga vigelegele, wakambeba Kabula. Mimi walitaka kunibeba nikakimbilia chooni.

Masunga simdharau. Alikuja akampa mkono, akasema, "Rais, yule nyoka angekuwa na kura ningekubwaga."

Kabula akanong'ona, "Angekuwa na kura angenipa mimi, umemchosha sana."

Jumatatu tulichelewa, mto ulikuwa umejaa. Tunafika, geti liko wazi. Kiranja ameshika kalamu, anatuandika, anasema, "Pita, mapumziko uje ufyeke. Halafu wewe msanii, mbona huniangalii?"

Nikapita bila kumwangalia. Nikawahi kipindi cha hisabati, logarithm. Sikuelewa vizuri, lakini safari hii nilikuwa ndani, nikanyoosha mkono nikauliza. Mwalimu alishtuka kuliko mimi.

Nilichojifunza, hasa kwa wachambuzi wa humu mnaopima uchaguzi kwa picha za mikutano: kabla hujatangaza mshindi, uliza hao watu wamemfuata mgombea au wamemfuata nyoka. Kisha subiri uone ni akina nani wanabaki burudani ikiisha.

Wenye mawazo tofauti, timu Masunga mkiwemo, semeni, hata mkiniponda sawa. Nitasoma maoni yote nikiwa nimewapa mgongo.