Pikipiki ya Miguu Minne na Tela Zake Mbili

Mwaka ule nguruwe pori walishuka mapema kuliko kawaida. Naukumbuka kama mtu anavyoikumbuka ndoto ya alfajiri: picha ziko wazi, ila ipi ilitangulia na ipi ilifuata, mara nyingine nasitasita. Nayaona matuta ya viazi yamefukuliwa kana kwamba yamelimwa na mtu mwenye hasira. Ukungu umelala juu yake. Mume wangu amesimama katikati, gobore begani.

Tunakaa juu ya Lushoto, upande wa Magamba, mahali ambapo shamba linaisha na msitu unaanza bila kupiga hodi. Ndani ya msitu kuwinda ni marufuku, na ni haki iwe hivyo. Mume wangu alikuwa na kibali cha kuwinda nguruwe waharibifu huku nje, pembezoni mwa mashamba tu, na watu wa bonde letu walimtegemea kwa miaka mingi. Lakini goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumkatalia. Kushuka bondeni aliweza. Kupanda, alipumzika kila baada ya hatua chache, na mbwa wake wawili walikaa juu wakimngoja, wanamtazama kama wanaomwonea haya.

Shamba linalopakana na letu ni la rafiki yake tangu ujana. Sisi ni Walutheri, yeye ni Mwislamu. Idi tunakula kwake, na Krismasi yeye ndiye anayetuchinjia kuku ili tule pamoja. Siku nguruwe walipofika kwenye karoti zake alikuja, akakaa kwenye benchi la jikoni kwetu, akapasha mikono moto kwanza. Halafu akasema:

"Tununue chombo cha magurudumu manne. Kikufikishe wewe kwenye nguruwe, kinitolee mimi karoti bondeni. Tununue pamoja, sisi kwa sisi."

Mume wangu akanitazama. "Anayejua vyombo hapa ni huyu."

Ilikuwa kweli. Baba yangu aliendesha trekta la kuvuta magogo huko Magamba, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alinipandisha mimi. Nilijifunza giya kabla sijajua kusonga ugali vizuri. Alinifundisha kuusikiliza mtambo macho yakiwa yamefumbwa. Mpaka leo nikisikia injini mbali barabarani, mkono wangu wa kushoto hujisogeza wenyewe kutafuta giya.

Basi tukateremka watatu mpaka Mombo, kwenye joto. Mtu wa milimani akifika Mombo huwa kama amevuliwa blanketi akiwa bado usingizini. Kila kitu kinang'aa mno. Pikapu tuliyoambiwa ilikuwa nyeupe, imesimama kando ya barabara kuu, na jirani yangu aliipenda palepale. Aliizunguka akiipapasa kama ng'ombe wa mahari. Mimi nilimwomba muuzaji afungue boneti. Injini ilikuwa imeoshwa ikatakata, unaweza kupakulia chakula juu yake.

Baba alikuwa akisema, injini ya shamba ikioshwa hivyo, uliza kilichofutwa. Sikuuliza. Niliomba niiendeshe kidogo kurudi upande wa milima. Kwenye kona za kwanza nikaikanyaga, nikaingiza giya ya kuvuta magurudumu yote manne. Kikatoka kishindo, kama mtu aliyeangusha sufuria, na magurudumu ya mbele hayakuvuta. Nikageuza taratibu tukarudi.

"Mama, umeiharibu," muuzaji alisema.

"Sijaiharibu, baba. Nimeiamsha tu."

Mume wangu alicheka mpaka akashika goti. Jirani hakucheka. Tulikaa kwenye kivuli cha bati cha muuza machungwa, akawa anamenya moja kwa muda mrefu sana, ganda lote likiwa kamba moja. Nikadhani anaililia ile pikapu.

"Kuna neno sijalisema," alisema hatimaye, akimtazama mume wangu. "Hata ingekuwa nzima, ingetushinda. Nyuma ungemlaza nguruwe, na mbwa wangepanda. Kesho yake mimi nipakie karoti palepale, nizipeleke sokoni kwa watu wa dini yangu? Siwezi. Nilitaka kukaa kimya, nimeona kukaa kimya ni kukudanganya."

"Tutaosha," mume wangu alisema.

"Najua mtaosha."

Hapo yakaisha. Mume wangu aliliweka chungwa lake chini bila kulimaliza. Tulipanda kurudi nyumbani kila mtu akitazama upande wake, na baridi ilipotupokea huko juu hakuna aliyesema afadhali. Siku kadhaa zilipita hivyo. Mume wangu alikuwa akienda hadi mpakani, anasimama, anarudi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyegundua kwamba rafiki yake amekuwa akimvumilia kwa jambo ambalo yeye hakulifikiria hata mara moja.

Aliyetutoa hapo ni mke wa jirani. Tulikuwa kijitoni, tunaosha karoti, maji ya baridi yametufisha vidole. Juu yetu ukungu ulikuwa unapita kati ya miti, mti mmoja unatoweka, mwingine unarudi. Akasema, bila kuinua kichwa:

"Dada, hawa wanaume wanagombania mgongo. Si watafute kitu kisicho na mgongo?"

"Kitu gani hicho?"

"Kinachovuta. Kiwe na tela mbili. Nguruwe awe na yake, karoti ziwe na yake. Mwenye kuvuta hajui amevuta nini."

Nilisimama na karoti mkononi. Nililiona trekta la baba, lilivyokuwa likiacha magogo mahali fulani na kwenda kufunga mengine, halibebi chochote, linavuta tu. Sijui kwa nini mimi, binti wa dereva wa trekta, sikuliwaza.

Wanaume walipolisikia wazo hilo hawakubisha, na ndipo tukaenda sote watatu Magoma, chini ya milima. Huko kulikuwa na mzee aliyekuwa akifuga ng'ombe, amebakiwa na pikipiki ya miguu minne: fupi, nene, matairi yenye meno makubwa, usukani kama wa pikipiki ya kawaida. Rangi yake nyekundu ilikuwa imepauka ikawa kama ya tofali, na matope ya zamani yalikuwa yamekauka kila mahali. Nilimpenda mzee kwa kutoiosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kati yenu ananunua?"

Wale wanaume wawili wakanionyesha mimi. Mzee hakushangaa, au aliuficha mshangao wake vizuri.

Niliweka kiganja kwenye injini: baridi. Hakuwa ameipasha moto kutungoja. Nikaiwasha, ikakohoa mara moja, ikashika. Nikafumba macho. Sauti ilikuwa nzito na sawa, kama mtu anayekoroma akiwa na amani. Oili ilikuwa nyeusi lakini haikuwa na maji. Nyuma palikuwa na ndoana nene ya kufungia tela, na chuma kilichoishikilia hakikuwa na ufa. Nikamwomba mzee magunia mawili ya mahindi, tukayafunga nyuma, jirani yangu akakaa juu yake, nikapanda nao kilima kilichokuwa hapo karibu. Katikati ya mwinuko nikasimama kabisa.

"Shemeji, mbona umesimama?" jirani aliuliza, kofia ameishikilia kwa mkono mmoja na mkono mwingine amelikamata shati langu.

"Nataka kuona kama itaondoka."

"Isipoondoka?"

"Tutateremka kinyumenyume."

Alianza kusoma dua. Nikaachia breki, nikaongeza moto kidogo. Magurudumu yote manne yakauma ardhi, ikaondoka, polepole, bila kuruka. Tulipofika juu alikuwa bado ananong'ona. Akanyamaza, akatazama bonde chini na milima yetu ile ya buluu kwa mbali, akasema tu, "Hii."

Fundi wa kuchomelea wa Lushoto alitutengenezea tela mbili. Ya karoti tuliipaka rangi ya kijani, ya nguruwe tukaiacha chuma kitupu, isije ikachanganywa hata na mtu aliyelewa. Ile ya chuma ililala kwetu, ya kijani ililala kwao.

Asubuhi ya kwanza ya uwindaji siisahau, ingawa sikuona karibu chochote. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na ukungu ulikuwa mzito mpaka taa ya mbele ilimulika weupe tu. Niliendesha, mume wangu nyuma yangu, mbwa kwenye tela wamejikunyata. Tulipokaribia mashamba ya chini nikazima injini, wao wakateremka wakatembea sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa tambarare na goti lake liliiweza. Nikabaki peke yangu nimekaa juu ya chuma chenye joto katikati ya wingu. Mbega walianza kuunguruma msituni, mmoja, kisha wote. Sikujua juu ni wapi na chini ni wapi. Nilifikiri, au niliota, kwamba baba yuko mahali fulani mbele yangu anafunga magogo, na kwamba akimaliza ataniita. Kisha gobore likalia, mara moja.

Alikuwa dume kubwa. Tulimpandisha kwa taabu, na kwenye kivuko cha kijito tela ikazama kwenye tope. Magurudumu yakazunguka bure. Ndipo jirani akatokea kwenye ukungu na kamba begani. Alikuwa ameusikia mlio akajua tutakwama, kwa sababu kivuko kile ni chake na tope lake analijua.

"Rudi, wewe hii haikuhusu," mume wangu alimwambia kwa upole.

"Nguruwe hanihusu," alijibu, akiifunga kamba kwenye chuma cha mbele cha pikipiki. "Pikipiki ni nusu yangu. Nyie sukumeni chenu, mimi navuta changu."

Akavuta. Nikaitoa pikipiki giya, sisi wawili tukasukuma tela kwa nyuma, yeye mbele haonekani vizuri, kivuli tu chenye kofia. Tulipotoka alikuwa na matope mpaka kiunoni, mume wangu vilevile, wakatazamana. Sikumbuki nani alianza kucheka.

Nyama tuligawa kwa Walutheri na Wakatoliki wa kule juu. Msimu ule viazi vilipona, karoti zikapanda barabarani kila wiki, na mimi ndiye dereva wa nyumba zote mbili hadi leo.

Jambo moja hatukulitazamia. Nguruwe walijifunza kwamba mlio wa pikipiki ndio hatari yenyewe, na kidogo kidogo wakaacha kushuka. Sasa hivi uwindaji wetu ni kuzunguka tu. Tunatoka alfajiri, nazunguka mipaka ya mashamba polepole, mbwa wamezeeka wanalala kwenye tela. Gobore mume wangu halishindilii baruti tena. Analibeba kwa mazoea. Tukifika kona ya juu, pale jua linapoanza kuugusa ukungu kwa chini, huwa nasikia kichwa chake kimeangukia begani kwangu. Amelala. Napunguza moto, nazunguka tena.