Mama Émilienne Haendi Uvira

Kwanza mjue kwamba Mama Émilienne hakukataa kuzeeka. Alikataa kuhamishwa. Tangu ateleze kisimani masika yaliyopita akavunjika mguu, mwanawe wa kwanza, Henri, mwenye kazi ya ofisi kule Uvira, alikuwa amekwisha kuamua: mama auache mji wa Baraka, aje kukaa kwake, apewe chumba. Chumba! Mwanamke aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali waliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, leo akapewe chumba kama mgeni.

"Mama, mu hii nyumba unabaki peke yako," Henri alisema. "Na kutembea kumekushinda."

"Nani amekuambia kumenishinda? Siku ya Mungu tunaenda kula kule ku mawe, pale nilikuwa nawapeleka mungali batoto. Nikienda na kurudi na miguu yangu, utaniacha mu nyumba yangu. Nikishindwa, nitapanda gari yako bila neno."

Henri alicheka, akakubali. Hakujua kwamba mama yake alikuwa akiutembeza mguu ule mchangani kila alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, huku akiutukana kwa Kibembe.

Jumapili baada ya misa wakaondoka. Binti yake, Marthe, alijitwika sufuria na unga wa muhogo. Wajukuu wakabeba makaa na mikeke, wale samaki wanono wa ziwa letu. Henri alivaa viatu vyeusi vya ofisini, vipya, vinavyolia kila anapokanyaga. Mama alikuwa na fimbo yake, na ufunguo wa nyumba kaufunga kwenye pindo la kitenge. Njia ilikuwa nzuri mpaka pale inapopanda kuyazunguka mawe. Hapo mguu ukawaka moto. Jasho likamtiririka, akasimama ameshikilia jiwe.

"Tosha, mama," Henri akasema, kwa sauti ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi.

"Niko napumua. We hupumuaga?"

Akapanda. Polepole, akiburuta mguu, lakini akapanda, na upande wa pili akaikuta ghuba yake ileile: kipande cha mchanga kilichojificha katikati ya mawe, maji safi, hakuna mtu. Marthe akapanga mafiga, akashika mwiko.

"Leta hapa," mama akasema. Kwake yeye, wageni wakija kula, bugali anausonga mwenye nyumba. Akaketi juu ya jiwe, mguu kaunyoosha, akausonga mpaka ukakaza. Wakala wote kwenye sahani moja. Wajukuu wakajitupa majini, na hata Henri alisahau ukubwa wake akawa analamba vidole. Mama alifurahi, alifurahi kweli.

Walipopanda tena njiani kurudi, wakakuta pikipiki chini ya michikichi. Mwenyewe, kijana aitwaye Fadhili, akasalimia kwa adabu.

"Jambo, Mama Henri. Mtoto wako Henri aliniambia nikungojee hapa. Alisema kurudi hautaweza."

Lo! Moyo ulimuuma mama kuliko mguu. Mtoto wake wa kumzaa! Amekula bugali wake hali ameshaagiza mtu wa kumbeba kama gunia. Henri akainamisha kichwa kwa aibu. Mama naye akatazama chini, akaona kwamba mwanawe alikuwa peku, viatu mkononi, visigino vyote viwili malengelenge matupu.

"Fadhili, mwanangu," akasema, "huwezi kurudi bure. Beba huyu. Na sufuria zangu."

"Mama, mi..."

"Panda."

Henri akapanda, sufuria mapajani, watoto wakicheka mpaka wakashika mbavu.

Alitangulia sana kufika. Akasukuma mlango, umefungwa. Basi akakaa pale kizingitini, peku, sufuria pembeni, na kila jirani aliyepita akamuuliza, "Henri, mwenye nyumba iko wapi?"

"Iko anakuja," akajibu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya milima alipomwona mama yake. Alikuja taratibu, vumbi mpaka magotini, mkono wa Marthe kaukataa. Henri akasimama kumpisha. Mama akafungua pindo la kitenge, akafungua mlango, akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Ndipo akaita:

"Karibu kwangu, Henri. Leo lala hapa, tukupake mafuta ku miguu. Kesho utarudi kwako."