Jiwe la Kipini

Mama mdogo alipotoka eda, mashemeji zake walituita Maneromango. Mirathi yote ilikuwa imeshazungumzwa, ikabaki mikorosho, ambayo haikuwa na ugomvi, na kipini chake cha puani, ambacho kilikuwa nao.

Kilikuwa kipini chembamba cha dhahabu chenye jiwe jeupe dogo kama punje ya mtama. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi Shinyanga kabla ya Uhuru. Aliporudi kuoa alimvisha kipini hicho kwa mkono wake, akasema, "Hii almasi." Hakusema alikipata wapi. Mara nyingi alisimulia jinsi wachimbaji walivyopekuliwa hadi kwenye nywele wakitoka kazini, kwa hiyo mimi niliamini alikinunua kwa sonara, na jiwe lake ni kioo tu. Lakini wanawake wa kijiji walikiita "ile almasi", na jina likashika.

Mume alipofariki, mama mdogo alikivua, kama mjane anavyovua mapambo yote, akakifunga kwenye pindo la kanga. Humo kilikaa hadi siku tuliyoitwa.

Nilikuwa nikifundisha sayansi shule ya msingi huko Kibaha. Lori lilinishusha nikiwa na matope hadi magotini. Barazani walikuwa wameketi shehe, mama mdogo na shemeji yake mkubwa, mchoma mkaa, ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata hata siku ya Idi.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Tunakusubiri wewe."

Shemeji mtu hakungoja nikae. "Kipini cha kioo ni pambo la mwanamke, hatuna neno. Almasi ni mali, na mali ya marehemu inagawiwa. Sasa mwalimu, tueleze. Almasi ni kitu gani?"

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Kwamba huko chini kabisa, mbali kupita kisima chochote, kuna joto kali na uzito wa dunia nzima, na huo uzito hukandamiza kaboni kwa miaka isiyohesabika mpaka inashikamana na kuwa jiwe gumu kupita mawe yote. Kisha volkano za zamani zililirusha juu, likaganda ndani ya miamba. Watu hulipenda kwa sababu ni adimu, halichakai, na likichongwa huivunja nuru vipande vipande.

"Kaboni ndiyo nini?"

"Ndiyo iliyomo kwenye mkaa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Shehe, umesikia? Kumbe mimi tajiri! Nina magunia ya almasi pale nyuma ya nyumba!"

"Basi oga kwanza, tajiri," alisema mama mdogo. Hata shehe alitabasamu.

Shemeji mtu aliacha kucheka, akafikiri. Nilimwona akifikiri, na nikajua anafikiri kwa kazi yake. "Tanurini mti mzuri unatoka mkaa, mti mbaya unatoka jivu. Moto haudanganyi. Kama jiwe hili ni jamaa ya mkaa, tulitie jikoni lijitaje lenyewe."

Nilimwambia kioo kingepasuka, na almasi nayo, moto ukizidi sana, huungua ikaisha, haiachi hata jivu. Hakunielewa, au hakutaka. Alikwishaondoka kwenda jikoni, akarudi na jiko lenye mkaa uliokolea, akaliweka katikati ya baraza.

"Kilete, shemeji. Tumalize."

Mama mdogo alifungua pindo. Jiwe lilipata jua kidogo likawaka, na sote tukalitazama, shehe pia. Hapo nilifahamu kwamba sijaeleza kitu. Nilikuwa nimesema juu ya ugumu na uadimu, na mwanamke yule alikuwa ameshika kitu kingine kabisa.

"Shehe," alisema, "mume akinivika kitu akiwa mzima, akanikuta nacho kila asubuhi mpaka anakufa, ni cha nani?"

"Ni hiba, zawadi ya mtu akiwa hai. Ni chako."

"Kikiwa kioo?"

"Chako."

"Kikiwa almasi?"

Shehe alimtazama shemeji mtu kabla ya kujibu. "Chako."

"Ana shahidi gani kwamba alipewa?" aliuliza shemeji mtu. "Huenda marehemu alimwachia amtunzie tu."

Mama mdogo alikipeleka kipini puani. Tundu lilikuwa limeanza kuziba kwa kukaa bila kipini miezi yote ile ya eda. Alisukuma, kikagoma. Alifumba macho akasukuma tena, polepole, hadi nikasikia kitu kikiachia. Damu ilishuka hadi mdomoni. Aliifuta kwa ncha ya kanga, akaketi wima.

"Shahidi huyu hapa," alisema. "Tundu hili mume wangu alilitoboa mwenyewe."

Mkaa ulipasuka jikoni. Shemeji mtu aliinama, akalivuta jiko hadi ukutani. Shehe alisafisha koo, akauliza mikorosho ya bondeni inaanzia wapi.