Mikate Iliyokosa Wauzaji

Wakati wa Zaïre, Maman Masika aliuza mikate sokoni Kadutu. Aliichukua kwa patron mmoja, tajiri mwenye kiwanda cha mikate, ambako jirani yake Masika, Mwanvita, alibeba magunia ya unga. Mwanvita alipopata mimba aliomba kazi nyepesi, patron akakataa. Asubuhi moja akaanguka na gunia mgongoni, mimba ikaharibika.

Masika akawaambia wauzaji wenzake, "Mikate ya ule mutu tusiiguse tena. Wateja wakule mihogo."

Wakakubali wote, hata waliokuwa na njaa nyumbani. Mikate ikaota ukungu kiwandani, mpaka patron mwenyewe akaja sokoni kuahidi kwamba hakuna mwanamke atakayebeba gunia tena. Vigelegele vikapigwa.

Masika akakimbia kwa Mwanvita, akamkuta uani akifua.

"Dada, tumeshinda! Amekubali!"

Mwanvita alikamua nguo aliyoishika, akairudisha majini.

"Asante, maman," akasema. "Wale wanakuja nyuma yangu watazaa muzuri."

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Masika akainamia beseni, akaendelea kufua nguo za rafiki yake huku machozi yakimtoka.