Skrubu ya Bibi wa Kipatimu

Asubuhi ya harusi ya mdogo wangu nilijifungia chumbani kwa mama, kule Mitwero, Lindi, nikakaa kitandani juu ya rundo la kanga mpya, tableti mapajani. Mimi ni fundi wa betri za moyo, vile vifaa vidogo ambavyo daktari huvipachika chini ya ngozi ya kifua ili viusukume moyo unaosinzia. Siku zote husimama mwenyewe ndani ya chumba cha upasuaji, Dar es Salaam, nikipima nyaya. Safari hii nilikuwa likizo, mwenzangu wa zamu ameugua ghafla, na mgonjwa asingeweza kusubiri. Daktari alipopiga simu kuuliza kama ningeweza kumsaidia kwa video, nilikubali kabla hajamaliza. Sikuwahi kuifanya kazi ile kwa mbali.

Mgonjwa alikuwa bibi mmoja mkulima wa Kipatimu. Moyo wake ulipiga polepole mno, na tayari alikuwa ameanguka mara mbili shambani. Alichomwa ganzi ya kifua tu, kwa hiyo alikuwa macho na alisikia kila neno. Alipoambiwa kwamba fundi yuko Lindi, akataka kuongea naye.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sasa kama uko Lindi, mkono wako utafikaje huku?"

Nikamwambia mikono ni ya daktari, mimi natoa macho tu. Akasema basi niyafumbue vizuri.

Nikayafumbua. Kamera moja ilinionyesha mikono ya daktari, nyingine skrini ya vipimo. Uani wanawake walikuwa wakigombana na masufuria ya pilau, na mama mdogo alishagonga mlango mara tatu akitaka zile kanga nilizozikalia. Waya unaopeleka umeme wa kifaa uliingia moyoni bila shida, vipimo vikawa safi, nikajiona bingwa. Kisha daktari akauunganisha na kifaa. Nilipopima tena, namba za vipimo zilipaa ajabu, na umeme wa kifaa haukuufikia moyo hata kidogo.

Daktari akadhani waya umehama moyoni. Akasema atauvuta aanze upya. Daktari yule mzee alianza kazi hii mimi nikiwa shule ya msingi, na kumpinga haikuwa rahisi. Lakini dakika chache tu nyuma waya uleule ulikuwa mzima. Na kuna skrubu ndogo inayoubana kwenye kifaa. Bisibisi yake hulia "tak" ikishakaza sawasawa. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

"Daktari, samahani," nikasema. "Kabla hujaugusa waya, naomba uikaze skrubu tena. Sikuisikia ikilia."

Akaurudisha mkono nyuma. Ndipo mama mdogo akaingia bila hodi. Nikamwinulia kiganja, naye, jambo la nadra sana, akatii, akakaa kando yangu akiikodolea macho skrini. Daktari akachukua bisibisi, akazungusha. Tak. Namba zikashuka, na mapigo yakaanza kujipanga kwenye skrini, moja baada ya jingine, yakitembea kama watu wenye safari.

Mama mdogo hakuelewa chochote, ila aliuona uso wangu, akapiga kigelegele. Wanawake wa uani wakadhani bwana harusi amefika, nao wakaitikia wote.

"Kuna harusi huko?" sauti ya bibi ikauliza.

Nikaomba radhi, nikamweleza kuwa mdogo wangu anaolewa. Bibi akaanza kucheka. Akacheka mpaka daktari, naye akicheka, akamsihi anyamaze kidogo, kwani hawezi kushona kifua kinachorukaruka. Mimi machozi yalikuwa yakinitoka, na mama mdogo akachukua fursa hiyo kuzichomoa kanga zake chini yangu.

Kabla ya kukata simu daktari alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mimi nilikuwa sahihi. Nikatoka uani nikacheza kila wimbo, hata ule nisioujua.

Wiki iliyofuata nilirudi kazini, nikapita wodini. Bibi alikuwa ameketi akimenya chungwa. Nilipojitambulisha, alinitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili.

"Ndiye wewe?" akasema. "Kwa ile sauti, nilidhani una mwili mkubwa."

Akanimegea nusu ya chungwa.